Chujio Lisilo Lake

Kisa hiki nimekipata kwa mwenye lori mwenyewe, kisha nikakisikia tena kwa dereva wake na kwa fundi aliyeishusha injini. Mwenye lori ameniruhusu nikiandike kwa sharti moja tu, nisimtaje jina. Hakuona haya kukisimulia. Anachotaka ni kwamba wenzake wenye malori ya zamani, na wako wengi katika nyanda za juu kusini, wasifikwe na lililomfika. Nami nakiandika kwa moyo huo huo, maana makosa yaliyofanyika hapa si ya watu wajinga. Ni makosa ya watu wanaojua magari, na yeyote kati yetu angeweza kuyafanya.

Lori lenyewe ni Mercedes-Benz 1113, lile lenye pua, la miaka ya 1970. Injini yake ni OM 352: silinda sita za mstari mmoja, lita 5.7, dizeli, haina turbo. Haina kompyuta wala sensa. Ukiipa dizeli safi, oili safi na hewa safi, inapiga kazi miaka na miaka. Lilikuwa likibeba magogo kutoka shamba la miti la Sao Hill kuyapeleka kwenye viwanda vya mbao vya Mafinga. Barabara za ndani ya msitu ni za udongo. Wakati wa mvua ni utelezi, na kuanzia Juni hadi Oktoba ni vumbi laini linaloelea hewani muda mrefu baada ya gari kupita. Malori matatu yakifuatana, dereva wa tatu anawasha taa mchana.

Miaka yote hiyo injini ile ilivuta hewa kupitia eya klina yake ya asili, lile dumu la chuma lenye bakuli la oili chini na nyavu za waya ndani. Hewa inashuka, inaupiga uso wa oili, kisha inageuka ghafla kupanda juu. Vumbi zito haliwezi kugeuka kwa kasi hiyo, kwa hiyo linazama kwenye oili. Lile jepesi linanaswa na nyavu zilizolowa. Ni kifaa cha kizamani lakini kinafanya kazi, kwa masharti mawili: oili iwe kwenye alama, isizidi wala isipungue, na bakuli lisafishwe kabla halijajaa tope. Katika vumbi la kiangazi hiyo ni kazi ya kila siku, na ni kazi chafu. Tingo aliyekuwa akiifanya aliondoka. Aliyekuja baada yake hakuelekezwa.

Lori likaanza kuwa zito mlimani. Dereva, mtu mzima aliyeendesha magari ya aina hiyo tangu ujana wake, alimwambia tajiri wake mara mbili kwamba gari limekosa nguvu. Hiyo ndiyo dalili ya kwanza iliyopuuzwa, na inauma kuifikiria, kwa sababu dawa yake ilikuwa dizeli kidogo ya kuoshea nyavu na oili mpya kwenye bakuli. Hakuna aliyefungua bakuli. Badala yake likaulizwa swali la namna ya kuongeza nguvu, na swali hilo likapelekwa kwa fundi kijana mwenye sifa ya kubadilisha magari madogo yakawa na kasi.

Fundi alimwambia, "Bosi, hilo dumu ndilo linaloikaba injini yako. Magari ya sasa hayana mambo ya oili kwenye hewa. Tuweke chujio la kisasa, utaona tofauti siku hiyo hiyo."

Alichokileta ni lile chujio la umbo la pia, la pamba iliyopakwa mafuta, linalofungwa wazi ndani ya boneti bila kasha. Lilikuwa limetoka kwenye gari dogo la petroli. Bomba la zamani la kuingiza hewa lilikuwa na upana wa karibu inchi 4. Mdomo wa chujio jipya ulikuwa inchi 3. Ili viungane, fundi alitumia kipande cha hozi ya maji. Pale palipobaki mwanya alizungusha ukanda wa mpira wa tyubu ya tairi, akakaza kwa waya wa kufungia nondo. Chujio lenyewe alilifunga kwenye bati la mataga. Ile hozi ndogo ya kompresa ya breki, ambayo zamani ilivuta hewa iliyokwisha kuchujwa kutoka eya klina, haikuwa na mahali pa kwenda tena. Mdomo wake ukazungushiwa kitambaa, ukaachwa unaning'inia. Dumu la zamani likauzwa chuma chakavu.

Injini ilipowashwa, ikanguruma. Ilikuwa sauti mpya, nzito, ya kuvutia, na watu wa gereji walisogea kusikiliza. Mwenye lori aliniambia kwamba sauti ile ndiyo iliyomshawishi kuliko maneno yote. Nami naamini ningekuwepo siku ile ningesifia pamoja na wengine, maana sikio la mpenda magari linasikia mngurumo na moyo unasema nguvu. Kumbe dumu la zamani, pamoja na kuchuja, lilikuwa pia likiumeza mlio wa hewa inayovutwa. Ulipoondoka ule ukimya, hakuna nguvu iliyoongezeka. Kilichoongezeka ni kelele.

Naomba hapa tumtendee haki yule fundi, maana neno lake moja lilikuwa la kweli. Chujio la karatasi la lori la kisasa ni bora kuliko bakuli la oili. Bakuli lililotunzwa vizuri linakamata karibu asilimia 95 ya vumbi au zaidi kidogo, na linadhoofika injini inapokwenda polepole kwa sababu hewa haina kasi ya kulitupa vumbi kwenye oili. Karatasi nzuri inakamata zaidi ya asilimia 99 kwa mwendo wowote. Kwa hiyo kutaka kuhama kutoka oili kwenda karatasi si kosa. Kosa ni kwamba kilichofungwa hakikuwa chujio la lori, hakikuwa na kasha, hakikuwa na njia iliyozibwa sawasawa, na kiliwekwa mahali pabaya.

Tuanze na kiasi cha hewa. Injini ya lita 5.7 ya mapigo manne inajaza silinda zake zote mara moja kila mizunguko miwili. Kwa mizunguko 2,800 kwa dakika, ambayo ndiyo kasi yake ya juu ya kazi, hesabu inakaribia lita 8,000 za hewa kila dakika. Toa kile kisichoingia kikamilifu, bado unabaki na karibu lita 7,000. Gari dogo la lita 1.5 kwa mizunguko 3,000 halifiki hata lita 2,300. Halafu njia ya inchi 3 haipungui kwa robo ukilinganisha na ya inchi 4, kama macho yanavyodanganya. Eneo lake ni zaidi kidogo tu ya nusu. Injini iliyolalamika kwamba imekabwa ikawa imekabwa zaidi.

Kisha joto. Ndani ya boneti, nyuma ya rejeta, feni inasukuma hewa ya moto moja kwa moja juu ya chujio lililo wazi. Hewa ya nyuzi 60 ina uzito pungufu kwa karibu asilimia 9 kuliko hewa ya nyuzi 30. Mafinga iko juu sana, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na huko hewa tayari ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam. Ukaipunguza tena kwa joto, ukaipunguza tena kwa bomba jembamba, na pampu ya dizeli ya injini hii haina akili ya kujua hayo. Inaendelea kutoa dizeli ile ile. Dizeli isiyopata hewa ya kuiunguza inatoka moshi mweusi.

Na moshi mweusi ulitoka, hasa mlimani lori likiwa na mzigo. Dereva akasema. Wakasema ni nozo. Nozo zikatolewa, zikapimwa, mbili zikabadilishwa. Moshi ukabaki. Wakasema basi ni pampu, ikapelekwa Iringa kwa mafundi wa pampu, ikarudi, fedha ikatumika, moshi ukabaki. Sababu nyingine ilikuwa ile hozi ya maji. Hozi ya maji imetengenezwa kusukumwa kutoka ndani, si kunyonywa. Injini ilipovuta kwa nguvu, hozi ililala ikajibana yenyewe. Lori likisimama na boneti kufunguliwa, hozi ilikuwa imeshajirudi duara yake, nzima, haina neno. Tingo ndiye aliyeiona siku moja, dereva alipokanyaga mafuta gari likiwa limesimama na boneti wazi. Alisema, "Mzee, ule mpira unajikunja." Hakusikilizwa, kwa kuwa alikuwa tingo. Ndugu zangu, kwenye lori mtu wa chini kabisa ndiye anayeona mambo kwa karibu kabisa, na neno lake tulipokee.

Lakini kukosa hewa ni shida ya siku hiyo, ukiirekebisha, inaisha. Vumbi ni shida isiyorudi nyuma, na hapa ndipo ninapotaka tukae.

Vumbi la barabara ya udongo lina chembe za silika, ambazo ni ngumu kuliko chuma cha silinda na ringi. Chembe zinazoumiza injini sana ni zile ndogo, za maikroni 5 hadi 20. Unywele wa mtu una upana wa karibu maikroni 70, kwa hiyo chembe hizi huzioni zikielea na huzisikii ukizigusa kwenye oili. Utando wa oili kati ya ringi na ukuta wa silinda ni mwembamba kiasi kwamba chembe hizo zinajaza nafasi yote, zinagusa huku na huku, zikikwangua kila pistoni inapopanda na kushuka. Oili na vumbi kwa pamoja ni msasa, na msasa huo unafanya kazi maelfu ya mara kila dakika.

Vumbi liliingia wapi? Kwanza, kupitia chujio lenyewe. Pamba ya namna ile inaruhusu vumbi laini kupita kuliko karatasi, na imekusudiwa gari la barabara ya lami. Lakini mlango mkubwa ulikuwa kwenye kiungo. Injini ya lori inatikisika juu ya mipira yake, na lile chujio lilikuwa limefungwa kwenye mataga, ambayo inatikisika kwa mtindo mwingine. Kila shimo la barabara liliuvuta ukanda wa tyubu kidogo. Joto likaukausha. Baada ya wiki kadhaa ukawa na ufa upande wa chini, usioonekana ukiwa umesimama, na kupitia ufa huo injini ikavuta hewa ambayo haijapita kwenye chujio lolote. Chujio likawa pambo.

Dalili zilikuwepo, tena nyingi. Nazitaja kwa mpangilio zilivyojitokeza, na naomba msomaji aangalie jinsi kila moja ilivyopata maelezo yake ya kuridhisha.

Wiki za mwanzo, dereva alikuta vumbi jekundu kwenye kidole alipogusa ndani ya bomba baada ya chujio. Akaambiwa ni vumbi lililoingia wakati wa kufunga. Huenda siku ya kwanza ilikuwa kweli. Lakini bomba lilifutwa, na baada ya safari chache vumbi likawepo tena. Kwenye bomba lililopita chujio hakuna vumbi la kawaida, hata kidogo. Dalili hii peke yake ilitosha kulisimamisha lori, na kama wangelisimamisha wakati ule, injini ingekuwa bado na maisha mbele yake.

Julai injini ikaanza kuwa ngumu kuwaka asubuhi. Wanaoijua Mufindi, wilaya ulipo msitu huo, wanajua baridi ya Julai na ukungu wake, na wote wakasema ni baridi. Lakini lori lile lilikuwa limepita katika Julai nyingi kabla ya hiyo, likiwaka bila taabu. Ringi zilikuwa zimeanza kuachia mgandamizo, na hewa isiyogandamizwa sawasawa haipati joto la kuwasha dizeli, hasa penye baridi.

Agosti injini ikaanza kula oili. Dereva alizoea kuangalia kijiti cha oili kila asubuhi na kukuta pale pale. Sasa akawa anaongeza. Akaambiwa oili za siku hizi ni bandia, abadilishe duka. Akabadilisha. Injini ikaendelea kula. Kila jioni alipofungua koki za matangi ya upepo wa breki, maji yalitoka yakiwa na oili nyeusi, jambo ambalo halikuwepo awali. Kompresa, iliyokuwa ikivuta hewa kupitia kitambaa, ilikuwa inakufa sambamba na injini. Hapo tena hatuzungumzii fedha peke yake. Oili kwenye mfumo wa breki za upepo inaharibu mipira na vali, na lori lenye magogo likishuka mlima bila breki linaua watu.

Septemba, ukifungua kifuniko cha oili injini ikiwa inaunguruma, moshi ulitoka kwa mapigo. Mafundi wanasema injini inapumua. Moto wa kwenye silinda ulikuwa unapita pembeni ya ringi na kushuka kwenye sampu. Moshi wa ekzosi nao ukawa na rangi ya bluu. Na hata hapo kulikuwa na maelezo: injini ni ya zamani, imefika muda wake.

Maelezo haya yote yanawezekana. Baridi ipo, oili bandia zipo, nozo huchoka, injini huzeeka. Kilichokosekana ni mtu mmoja wa kukaa chini na kuuliza: haya yote yameanza lini? Yalianza yote baada ya Mei, na Mei ndipo hewa ilipobadilishwa. Kabla yake, lori lilikuwa na shida moja tu ya kuwa zito mlimani. Swali hilo ni dogo, na ndilo ninalowaomba tujizoeze kujiuliza kila tunapogusa injini. Kitu cha mwisho kubadilishwa ndicho kiwe cha kwanza kushukiwa, hata kama kimegharimu fedha nyingi, hata kama aliyekifunga ni rafiki yetu. Ugumu wake naujua. Mtu akishalipia kitu na kukisifia mbele za watu, moyo unakataa kukitilia shaka.

Oktoba lori lilizima njiani likiwa na mzigo, halikuwaka tena. Likavutwa hadi kwa fundi mwingine, mzee ambaye amekuwa akifungua injini za aina hii miaka mingi. Hakuanza na pampu wala nozo. Alianza kwa kufungua ile hozi. Ndani yake, kuanzia kwenye ufa wa ule ukanda, kulikuwa na mstari mwembamba mwekundu wa vumbi ulioelekea moja kwa moja kwenye manifoldi. Aliufuta kwa kidole, akamwonyesha mwenye lori, hakusema kitu.

Silinda hedi ilipofunguliwa, kuta za silinda zilikuwa zimeliwa sehemu ya juu, pale ringi ya kwanza inapogeukia, kiasi cha kukwaza ukucha. Ringi za juu zilikuwa zimekonda, kingo zake kali mpaka zinakata ngozi. Kwenye mifereji ya pistoni kulikuwa na ugoro wa kijivu, oili iliyochanganyika na vumbi na chuma kilichosagwa. Beringi nazo zilikuwa na mikwaruzo.

"Mwanangu," mzee alisema, "injini hii haikufa kwa uzee. Imelishwa mchanga."

Silinda zilichongwa, zikawekwa pistoni za saizi, ringi mpya, beringi mpya, na kompresa ya breki ikafanyiwa matengenezo yake. Fedha ya kazi hiyo ingenunua machujio ya asili ya kutosha maisha yote ya lori. Kwa kuwa fedha haikupatikana kwa mkupuo, lori lilikaa juu ya magogo hadi mvua zikaanza. Tenda ya kubeba magogo akapewa mwingine. Dereva alikwenda Makambako kutafuta gari jingine, na tingo, yule aliyeiona hozi ikijikunja, akarudi kwao kulima.

Dumu la zamani halikupatikana tena, limekwisha kuyeyushwa mahali. Kwa hiyo mzee alilazimika kufanya kile kile alichojaribu kijana, yaani kuifungia injini ya zamani chujio la kisasa. Tofauti ni namna alivyolifanya, na naieleza kwa sababu wako wasomaji ambao eya klina zao za asili zimeoza na hawana njia nyingine.

Alitafuta kasha zima la chujio kutoka lori lililokatwa, lenye injini kubwa kuliko hii, ili njia ya hewa izidi badala ya kupungua. Ndani ya kasha kuna machujio mawili ya karatasi, la nje la kazi na la ndani la tahadhari, ambalo linalinda injini siku la nje likipasuka. Chini ya kasha kuna mdomo wa mpira unaotema vumbi zito lenyewe kabla halijafika kwenye karatasi. Kasha alilifunga kwenye chasisi nyuma ya kabini, si ndani ya boneti, na mdomo wa kuvutia hewa akaupandisha juu ya kabini, ukawekewa kofia ya kuzuia mvua. Huko juu hewa ni ya baridi, na vumbi la matairi ni haba kuliko chini.

Mabomba yote ni ya upana ule ule wa asili au zaidi. Pale bomba la chasisi linapokutana na la injini aliweka hozi ya hewa yenye nyuzi na waya ndani yake, isiyolala ikinyonywa, nayo ndiyo inayopokea mtikisiko. Ncha za mabomba zina ukingo uliovimba ili hozi isichomoke, na kila ncha ina klampu pana ya boliti. Hakuna tyubu, hakuna waya wa nondo, hakuna gundi. Bomba dogo la kompresa lilichomelewa sehemu yake baada ya chujio. Mwisho alifunga kile kipimo kidogo chenye dirisha, kinachoonyesha rangi nyekundu chujio likiziba, ili wasilifungue ovyo.

Hilo la kufungua ovyo nalieleza kidogo. Wengi wetu tunapuliza chujio la karatasi kwa upepo wa kompresa kila jioni tukidhani tunalitunza. Karatasi yenye vumbi kiasi inachuja vizuri kuliko mpya, kwa sababu vumbi lililotangulia linazuia linalofuata. Upepo mkali unatoboa karatasi matundu yasiyoonekana. Ikibidi kupuliza, upepo usizidi psi 30, utoke ndani kwenda nje, na chujio limulikwe kwa taa. Mwanga ukipenya kama nukta, litupwe. Lile la ndani halipulizwi kabisa, linabadilishwa.

Kabla ya kulitoa lori, mzee alifanya jaribio moja ambalo kila mmoja wetu anaweza kulifanya. Injini ikiwa inaunguruma kwa mwendo mdogo, alifunika mdomo wa kuvutia hewa kwa ubao bapa. Injini ikazima. Isingezima, au ingeendelea kuburuza, maana yake kuna hewa inayoingia mahali pengine, na hapo anaanza kutafuta kiungo kwa kiungo. Usitumie mkono wala kitambaa kwa jaribio hili, vitanyonywa. Na usipulizie petroli wala dawa ya kuwashia ili kutafuta panapovuja, maana injini ya dizeli itaipokea kama mafuta na kupanda kasi bila kusimamishika.

Neno moja kwa wenye jipu na malori madogo. Baadhi ya injini za dizeli za Toyota za miaka ya 1970 na 1980, na nyingine za rika hilo, zina kipepeo kwenye koo la kuingiza hewa na hozi ndogo inayotoka hapo kwenda kwenye pampu. Mvuto wa hewa katika koo hilo ndio unaoiambia pampu itoe dizeli kiasi gani. Ukilitupa koo hilo au ukiiacha hozi ile wazi, pampu inatoa dizeli yote na injini inapanda kasi hadi kujivunja. Kwa injini hizo, kabla ya kugusa chochote upande wa hewa, mpate fundi anayezijua.

Lori la Mafinga sasa linafanya kazi, na kijiti cha oili kinabaki pale pale. Ninachokuomba wewe msomaji ni kitu cha kesho asubuhi. Kama gari lako limewahi kuguswa upande wa hewa, na fundi yeyote, mzuri au mbaya, kabla ya kuliwasha legeza klampu ya bomba linaloingia kwenye injini. Funga kitambaa cheupe kwenye kidole, futa ndani ya bomba, toka nacho juani ukitazame. Kikiwa na vumbi, usiwashe injini. Mwambie mteja mzigo utachelewa.